Shemeji alinipimia udongo bure, maabara ikasema vingine

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma safu hii miaka mingi, na sikudhani siku nitakayokuandikia nitakuandikia habari za udongo. Lakini udongo huu umeingia hadi chumbani kwangu, ndiyo maana naandika.

Tulihamia nyumba tuliyo nayo miaka mitatu iliyopita. Ni nyumba ya zamani. Rangi ya ukuta wa nyuma inabanduka vipande vipande, na majirani walitwambia kwamba aliyekaa hapa kabla yetu alikuwa akitengeneza magari uani. Ni kweli, kwa sababu mwaka wa kwanza nilipolima nilifukua boliti, vipande vya betri, na kando ya ukuta udongo mweusi unaonuka oili chafu. Nikauondoa, nikatengeneza matuta, nikaanza bustani. Ni ndogo, mita kumi kwa kumi hivi, ila ndipo roho yangu inapotulia. Mwanangu wa miaka miwili hushinda humo pamoja nami, na kila nikigeuka namkuta ametia vidole kinywani.

Misimu miwili ya kwanza nilivuna vizuri. Msimu huu nyanya zimenishinda. Majani ya juu yamejikunja na kusokotana kama kamba, na matunda machache yaliyotoka yanaoza kitako. Maharagwe nayo yamejikunja vilevile. Cha ajabu, mahindi machache niliyopanda pembeni yamestawi tu. Sikubadilisha kitu zaidi ya samadi, ambayo safari hii niliichukua kwa mtu mwingine anayelisha ng'ombe wake majani makavu ya kununua.

Mdogo wake mume wangu anauza mbolea, na kampuni anayoifanyia kazi hupima udongo bure. Alikuja siku moja akachota mahali pamoja tu, juu juu, akaondoka. Baada ya wiki akaleta karatasi: pH (kipimo cha uchachu wa udongo) 6.0, fosforasi 12, imeandikwa "chini". Chini yake zimeorodheshwa mbolea tano za kununua, na zote anaziuza yeye.

Moyo haukutulia. Nikatoa katika akiba yangu, nikapeleka udongo kwenye maabara ya binafsi bila kumwambia mtu. Nilichota sehemu saba, nikachanganya kwenye ndoo yangu ya bati ninayonyweshea. Majibu: pH 5.4, fosforasi 46, "inatosha". Tena wakasema zinki iko juu sana, jambo ambalo karatasi ya shemeji haikulitaja kabisa.

Mume wangu aliikuta bahasha. Akaniuliza neno moja: "Kwa hiyo mdogo wangu ni mwongo?" Tangu siku hiyo hatuzungumzi habari za bustani. Shemeji ameuliza mara mbili nitachukua mbolea lini, na nimemzungusha. Rafiki yangu ananishauri niende maabara ya chuo kikuu, lakini fomu yao ina visanduku vingi nisivyovielewa, na majibu huchukua wiki kadhaa. Wapo pia wanaouza vipimo vya rangi vya kujipimia nyumbani.

Mama, nimwamini nani? Na nitachaguaje bila kumvunjia heshima shemeji na bila kuivuruga nyumba yangu?

Mwenye bustani ndogo

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona shemeji. Mara ya pili nikaiona ile bahasha. Mara ya tatu ndipo nilipomwona mtoto mwenye vidole kinywani, na nikajiuliza mbona katika karatasi zote mbili hakuna mstari hata mmoja unaomhusu.

Kama nimekuelewa, una mambo manne yaliyofungwa kamba moja. Nyanya zinaumwa. Karatasi mbili zinapingana. Ardhi ina historia inayokutisha. Na mume anaona umemtilia shaka ndugu yake. Wewe umeuliza umwamini nani, kana kwamba akipatikana mkweli mmoja yote manne yatatatuka. Nina wasiwasi na hilo, nami naomba tuifungue kamba hiyo taratibu.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndizo zilizoleta ugomvi. Umechukulia kwamba 12 na 46 haziwezi kuwa kweli zote mbili. Zinaweza. Maabara haipimi fosforasi yote iliyomo udongoni. Humimina dawa inayokamua sehemu ile ambayo mmea unaweza kuifikia, kisha hupima kilichotoka, na kila dawa ina nguvu yake ya kukamua. Njia ya Olsen, ya mwaka 1954, hutumia magadi laini na ilibuniwa kwa udongo wenye chokaa nyingi. Njia ya Mehlich 3, ya mwaka 1984, hutumia mchanganyiko wa tindikali na aghalabu hutoa namba kubwa zaidi kwa udongo uleule. Kumi na mbili ya huku na arobaini na sita ya kule zinaweza kutoka kwenye tuta moja. Tena wapo wanaoandika fosforasi yenyewe na wapo wanaoiandika kwa hesabu ya P2O5, yaani fosforasi ikiwa pamoja na oksijeni, ambayo peke yake huikuza namba mara 2.29. Ukilinganisha bila kujua njia, ni sawa na kulinganisha urefu uliopimwa kwa dhiraa na uliopimwa kwa futi.

Na pH vivyo hivyo. Maabara nyingine hupima udongo uliochanganywa na maji, nyingine na maji yenye kloridi ya kalsiamu, na hii ya pili kwa kawaida hutoa namba ya chini kwa takriban nusu pointi. Sita ya shemeji na tano nukta nne ya maabara yako zinaweza kuwa kitu kimoja. Hili si dogo, kwa sababu mboga nyingi hupenda pH kati ya 6.0 na 7.0 kwa kipimo cha maji. Ikiwa 5.4 ni ya maji, udongo wako unahitaji chokaa. Ikiwa ni ya kloridi ya kalsiamu, huenda hauhitaji sana. Namba ileile, kazi mbili tofauti shambani. Kwa hiyo kabla hujatoa tena akiba yako popote, waulize wote wawili swali moja: mlitumia njia gani? Swali hilo halimwiti mtu mwongo. Ni swali ambalo maabara yoyote iliyo makini hulijibu bila kununa, na mara nyingi jibu limeshaandikwa pembeni mwa karatasi kwa herufi ndogo.

Ipo pia habari ya mkono uliochota. Bustani ya mita kumi kwa kumi, ukihesabu kina cha sentimita 20 ambamo mizizi ya mboga hufanya kazi, ina udongo wa takriban tani 26. Maabara hukamua gramu chache tu. Gramu hizo ndizo zinazosimama badala ya tani zote hizo, na ndiyo sababu nasema aliyechota ana neno kubwa kuliko mashine. Shemeji alichota mahali pamoja na juu juu. Wewe ulifanya vizuri zaidi, sehemu saba, ingawa kumi hadi kumi na tano zingefaa zaidi. Lakini ile ndoo, mwanangu. Bati la ndoo za namna hiyo limepakwa zinki. Udongo ukisuguana nayo hubeba zinki, na mashine ya maabara haijui kuitofautisha zinki ya ndoo na ya shamba. Sisemi shamba lako halina zinki nyingi, maana palikuwa na gereji hapo. Nasema karatasi hiyo, katika mstari huo, haiwezi kukwambia. Safari nyingine tumia ndoo safi ya plastiki na sepeto la chuma lisilo na kutu. Ondoa matandazo kwanza, shuka sentimita 15 hadi 20, changanya, kisha anika kivulini. Usitie kwenye oveni.

Sasa nyanya. Unaamini ugonjwa wake umejificha katika karatasi mojawapo. Mimi sina hakika hiyo. Kuoza kitako hutokea pale kalsiamu inaposhindwa kulifikia tunda, na mara nyingi chanzo ni maji yanayokuja kwa vipindi, leo mengi na kesho hakuna, hata kama udongo una kalsiamu ya kutosha. Na kujikunja kwa majani ya nyanya na maharagwe huku mahindi yakicheka kunanifanya niitazame samadi. Zipo dawa za kuua magugu, kama aminopyralid na clopyralid, zinazopigwa kwenye malisho. Haziyaumizi mimea ya jamii ya nyasi, na mahindi ni wa jamii hiyo. Ng'ombe hula majani yaliyopigwa, dawa hupita tumboni bila kuvunjika, hutoka na samadi, na kiasi kidogo sana hutosha kusokota nyanya na mikunde. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakiioni. Ungetuma udongo huo kwa maabara kumi, zote zingeweza kukujibu kwa uaminifu na usipate jibu lako.

Kipimo chake unacho mwenyewe. Chukua makopo sita. Matatu tia udongo usioguswa na samadi ile, matatu tia udongo huohuo uliochanganywa na samadi. Panda maharagwe, kila kopo na kisahani chake ili maji yasihame, kisha tazama kwa wiki tatu au nne. Majani ya pili na ya tatu ndiyo yatakayosema. Yakijikunja kwenye samadi tu, umeshapata habari kubwa bila kumlipa mtu. Hatari yake ni kwamba wiki nne ni nyingi kwa mtu anayetaka kupanda kesho, na yasipojikunja utabaki na maswali mengine, kwani virusi na hata joto kali hukunja majani ya nyanya.

Yaliyobaki ni lile la mtoto, na hapa sitaficha kwamba ndipo moyo wangu ulipo. Betri zilizovunjika, rangi ya zamani inayobanduka, oili chafu: haya yanaleta swali la risasi, si ya bunduki bali ile metali yenye sumu. Kwa macho huioni, kwa pua huinusi, haiozi, na hukaa tabaka la juu miaka na miaka. Kwa watoto wadogo njia yake kubwa si mboga bali ni vumbi na udongo unaoingia kinywani kwa mikono. Kipimo cha rutuba, cha shemeji au cha maabara yako, hakitafuti risasi mpaka uiombe kwa jina. Sehemu ya kuchota nayo hubadilika. Anapocheza mtoto chota sentimita chache za juu, panapoota mboga shuka kina cha mizizi, na udongo wa karibu na ukuta usiuchanganye na wa katikati. Ukichanganya, wa katikati utaufunika wa ukutani na utapata wastani mzuri usiomlinda mtu. Mafuta ya oili ni kipimo kingine tena, mbali na metali.

Wakati unasubiri, si lazima usubiri kwa hofu. Mnawishe mikono kila mnapotoka bustanini, funika udongo ulio wazi kwa matandazo, osha mboga za majani sana na menya za mizizi, na mtoto apate pa kuchezea mbali na ukuta. Rangi ile msiikwangue ikiwa kavu. Na kama wasiwasi unakukosesha usingizi, daktari anaweza kuagiza mtoto apimwe damu. Hilo huwezi kulipata kwenye karatasi yoyote ya udongo. Halafu nikuulize, ule udongo mweusi uliouondoa, uliutupa wapi?

Ndiyo sasa tunaweza kuwatazama wapimaji wenyewe, maana unajua unachowauliza.

Huduma ya shemeji ina faida ambayo hasira imekuzuia kuiona: yupo karibu, ataulizika, na atarudi kukuona shamba likikataa. Hatari yake unaijua. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mpimaji anayeuza tiba atavutwa kuona ugonjwa hata akiwa mwaminifu kabisa. Mwulize kama udongo ulifika maabara au ulichomwa kwa kijiti cha umeme. Vijiti vingi vya bei nafuu hupima jinsi udongo wenye chumvi unavyopitisha umeme, kisha hukisia naitrojeni na fosforasi kutokana na hapo. Akikujibu kwamba ni maabara, omba karatasi yao bila ile orodha ya mbolea.

Maabara ya binafsi huwa na haraka na lugha nzuri. Baadhi huuza vifurushi vikubwa vya madini ishirini na hesabu za vijidudu, na mtu huona amenunua ukweli mwingi. Namba ishirini usizojua la kuzifanyia ni mzigo. Kuna pia wanaokushauri kwa kutafuta "uwiano kamili" wa kalsiamu na magnesi, wazo lililoenezwa na William Albrecht wa Chuo Kikuu cha Missouri. Utafiti uliofuata haukuthibitisha kwamba uwiano mmoja huleta mavuno bora, bali kinachohesabika zaidi ni kila kirutubisho kuwa cha kutosha. Ukiona karatasi inakuuzia magunia ili kurekebisha uwiano tu, jipe siku mbili za kufikiri.

Chuo kikuu hukupa kitu ambacho wengine mara nyingi hawana: maneno yao "chini" na "inatosha" kwa kawaida yametokana na majaribio ya mashambani, mbolea iliyowekwa na mavuno yaliyopimwa. Lakini ni kweli huchelewa, hasa watu wote wanapotaka kupanda, na ushauri wao huenda ukaja kwa kilo za hekta. Hilo lisikutishe. Kilo 100 kwa hekta ni gramu 10 kwa mita moja ya mraba. Visanduku vya fomu navyo ni vichache vinavyokuhusu: pH pamoja na mahitaji ya chokaa, fosforasi, potasiamu, mata ya viumbe hai (mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza udongoni), na kwa sampuli ya pembeni, risasi. Naitrojeni unaweza kuiacha, kwani hubadilika kwa mvua moja tu. Vipimo vya rangi vya nyumbani hukukaribisha kwenye pH, ila kwa swali la mtoto sitakwambia uvitegemee.

Popote utakapokwenda, uliza kama wanashiriki majaribio ya kulinganisha maabara, ambapo udongo mmoja hutumwa kwa wengi na majibu yao hupambanishwa. Upo mpango wa WEPAL huko Wageningen, Uholanzi, upo wa NAPT wa Amerika ya Kaskazini, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mtandao wa maabara za udongo, GLOSOLAN, mwaka 2017. Wengine wana cheti cha ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara. Kuvikosa hakumaanishi ni wabaya, lakini namna watakavyolipokea swali lako itakwambia kitu. Na ukishampata mmoja, kaa naye. Pima kila baada ya miaka miwili au mitatu, majira yaleyale, njia ileile, ndipo namba zitaanza kusimulia mabadiliko ya shamba badala ya mabadiliko ya maabara.

Nimeacha bahasha mwisho kwa sababu ndiyo nzito. Mume wako aliuliza swali la ndugu yake, lakini nadhani ndani yake kulikuwa na lingine: mbona hukuniambia? Huenda ungemwambia angekataa. Huenda umeshawahi kumwambia mambo kama haya akayapuuza, ukajifunza kunyamaza. Sijui, wewe unajua. Naomba tu ujiulize kwa upole kama shaka yako kwa shemeji ilianza kwenye karatasi au ilikuwepo kabla, na karatasi ikaipa ushahidi.

Unaweza kumweleza mumeo habari ya njia za kupima, kwamba huenda hakuna mwongo kabisa. Hilo litampa nafuu, ingawa likizungumzwa vibaya litaonekana kama kisingizio cha kuficha. Unaweza pia kuanza na mtoto na ukuta, bila kuitaja mbolea, kwani hapo nyinyi wawili mko upande mmoja. Na kwa shemeji, iko njia ya kumwita mchote pamoja, ndoo ya plastiki, sehemu kumi na tano, mchanganye, mgawe sampuli nusu kwa nusu: moja kwake, moja maabara. Anaweza kufurahi kuheshimiwa utaalamu wake. Anaweza pia kuona ni mtihani, na kama njia za kupima bado ni mbili, namba zitapishana tena mbele ya macho ya wote. Ukichagua hiyo, zungumzeni habari ya njia kabla ya koleo kugusa udongo. Mbolea unaweza kumwambia itasubiri maharagwe ya kwenye makopo. Nayo ni kweli tupu.

Kuhusu makopo hayo, jambo moja. Andika alama chini yake, pasipoonekana, kisha yachanganye dirishani. Yakishaota, mwite mumeo, na shemeji akipita mwite naye, kila mmoja aonyeshe yapi anadhani yana samadi kabla hamjayageuza.